Kulana Kete au Kutolana: Njia Nne za Mwisho wa Mchezo wa Sataranji

Mtu aliyekulia kwenye baraza za Pemba huwa ameshacheza michezo mingi kabla ya kuufikia ubao wa sataranji, na kila mchezo humwachia tabia yake. Drafti humzoesha kwamba kete inayolika ni lazima iliwe. Bao la Kiswahili humzoesha kwamba kete iliyoliwa haipotei, kwani huhamia upande wa mlaji, husambazwa mashimoni mwake, na baada ya muda inaweza kurejea ilikotoka. Sataranji haina desturi hata moja kati ya hizo mbili. Hakuna anayelazimika kula kwa sababu tu kuna kete ya kuliwa, na kete iliyotoka imetoka moja kwa moja, isipokuwa askari atakapofika ukingo wa mwisho wa ubao na kugeuka kete nyengine. Ndiyo maana kulana, hasa kete zinapokuwa chache, ni uamuzi mzito kuliko unavyoonekana: ukimaliza kulana unaanza mchezo mwengine kabisa, na huna njia ya kuurudia ule wa mwanzo.

Mimi nilijifunza hilo Wete, usiku mmoja baada ya Isha, kwenye baraza ya fundi seremala mmoja mtu mzima aliyechonga kete zake mwenyewe kwa mti wa mfenesi. Nilicheza Weupe. Mfalme wangu alikuwa d5 (herufi ni safu ya ubao, a hadi h, na namba ni mstari, 1 hadi 8 kuanzia upande wa Weupe), askofu wangu g5, na askari wangu wawili walikuwa a4 na c5. Mzee alibakiwa na mfalme c7 na askari mmoja tu, b6. Nilimuona askari wake analika, nikamla: askari wa c5 akaingia b6 kwa shaha, yaani akimtishia mfalme, na mfalme wa mzee akamla. Niliona nimefanya jambo la busara, kwa sababu nilikuwa nimebaki na askofu na askari dhidi ya mfalme mtupu. Mzee hakusema neno. Alimrudisha mfalme wake pembeni, a8, kisha b8, kisha a8 tena. Mraba wa a8 ni mweupe, na askofu wangu alikuwa wa miraba myeusi, asiyekanyaga mweupe kamwe, kwa hiyo hapakuwa na njia yoyote ya kumtoa mfalme yule pale. Tukamaliza sare. Laiti ningemsogeza askari wa c5 hadi c6, akilindwa na mfalme wangu, ningebaki na askari wawili wa safu tofauti na ushindi ungehitaji subira tu.

Makala haya nimeyaandika kwa ajili ya yule anayefika hapo na mkono wake ukabaki hewani: nile au nisile? Ninaposema kete kubwa, nakusudia malkia, ngome, askofu na farasi. Askari nawataja peke yao, kwa sababu shauri zima linatokana na tofauti ya makundi hayo mawili.

Maswali ya kupimia

Kila njia kati ya nne zifuatazo nimeipima kwa maswali yaleyale. Kwanza, kitakachobaki ubaoni baada ya kulana kinatosha kushinda, au kinatosha kujihami? Pili, wafalme wako wapi, na ni yupi aliye karibu na askari wanaobaki? Tatu, askari wako upande mmoja wa ubao au wametawanyika pande mbili? Nne, hesabu inayohitajika unaiweza kwa muda uliobaki kwenye saa yako, na ukikosea, kosa hilo linarekebishika?

Swali la kwanza ndilo zito kuliko yote, na ndilo wachezaji wengi hulisahau, kwa sababu jicho hufuata kete inayotoka badala ya zile zinazobaki. Kuna mambo machache ya kuyahifadhi kama mtu anavyohifadhi namba ya nyumba yake. Mfalme na askofu hawawezi kumfunga (kumtishia akakosa pa kukimbilia) mfalme aliye peke yake, na mfalme na farasi hawawezi pia. Mfalme na farasi wawili hawawezi kumlazimisha mpinzani afungwe iwapo yeye hakosei. Ngome dhidi ya askofu, au ngome dhidi ya farasi, bila ya askari hata mmoja ubaoni, kwa kawaida ni sare. Lakini mfalme na askari mmoja tu dhidi ya mfalme peke yake mara nyingi ni ushindi, kwa kuwa askari huyo anaweza kugeuka malkia. Kwa maneno mengine, askari mmoja aliye hai anaweza kuwa na thamani kubwa kuliko askofu mzima asiye na askari wa kumlinda.

Njia ya kwanza: kulana kete kubwa, kubakisha askari

Hii ndiyo njia inayopendekezwa sana kwa aliye mbele, na sababu yake ni ya hesabu. Ukiwa na malkia, ngome mbili na askofu, na mpinzani ana malkia na ngome mbili tu, askofu wako wa ziada ni sehemu ndogo ya jeshi zima, na mpinzani bado ana silaha za kukusumbua. Malkia na ngome zikishatoka pande zote mbili, askofu yule ndiye kete kubwa pekee ubaoni, na mfalme wa mpinzani hawezi kuulinda kila mraba. Kinachobaki kinatosha kushinda, kwa sharti kwamba askari wako wamebaki wa kutosha na wewe hukuwatoa pamoja na kete kubwa.

Wafalme hunufaika sana na njia hii, kwa sababu malkia wakishatoka mfalme haogopi tena kutembea katikati ya ubao, na mwenye mfalme aliye mbele hupata faida maradufu. Kuhusu askari, njia hii hufaulu zaidi wakiwa pande mbili. Mlinzi mwenye kete chache hana wa kumtuma upande wa kushoto na wa kulia kwa wakati mmoja.

Hata hivyo, si kila kete kubwa hulipa sawa ikitolewa, na hapa napenda kukaa kidogo, kwa sababu ushauri wa jumla umewapoteza wengi. Tuseme uko mbele kwa askari mmoja, na kila upande una ngome na askofu. Ukilana maaskofu, mnabaki na ngome, na mwisho wa mchezo wa ngome unajulikana kwa ugumu wake wa kushinda kwa askari mmoja wa ziada, hasa askari wote wakiwa upande mmoja: wanne kwa watatu, au watatu kwa wawili, aliye nyuma mara nyingi huokoka. Ukilana ngome badala yake, na maaskofu wakawa wa rangi moja, nafasi yako ya kushinda kwa kawaida huwa nzuri zaidi. Lakini maaskofu wakiwa wa rangi tofauti, mmoja wa miraba myeupe na mwengine wa miraba myeusi, kulana ngome ni kumpa mpinzani zawadi, kwa sababu atamweka mfalme wake na askofu wake kwenye miraba ambayo askofu wako haigusi maisha yake yote, na anaweza kuokoka hata akiwa nyuma kwa askari wawili. Hapo ni afadhali ngome zibaki, kwani ndizo zitakazoshambulia kile ambacho askofu wako hawezi kukigusa.

Hesabu ya njia hii ni ya wastani, na kosa moja mara nyingi linaweza kurekebishika kwa kuwa askari bado wapo. Inamfaa aliye mbele kwa kete kubwa, na anayeshambuliwa ambaye anataka moto uzimike. Haimfai aliye nyuma, hata kama kulana kunampunguzia wasiwasi kwa dakika tano.

Njia ya pili: kulana askari, kubakisha kete kubwa

Hii ni njia ya anayetafuta kuokoka, na anastahili kuijua vizuri sawasawa na mshindi anavyoijua ya kwanza. Kinachobaki ndicho kinachomwokoa: kila askari anayetoka humsogeza karibu na zile hali nilizozitaja ambazo aliye mbele hawezi kushinda. Aliye nyuma kwa askofu mmoja, akifanikiwa kuwatoa askari wote, ameshapata sare yake. Naye aliye nyuma kwa askari, akiwa na farasi dhidi ya askofu, anaweza kumtoa farasi wake kwa hiari amle askari wa mwisho wa mpinzani, maana mpinzani akibaki na askofu peke yake hana la kufanya. Aliyebaki na askofu dhidi ya ngome naye asiogope kulana askari hadi wa mwisho.

Kuhusu upande wa ubao, shabaha ya mlinzi ni kuufuta upande mmoja kabisa. Askari wakibaki upande mmoja tu, mfalme wake na kete yake vinasimama mahali pamoja, na safari ndefu za kwenda na kurudi zinakwisha. Hali hii humfaa pia mwenye farasi dhidi ya askofu, kwa sababu farasi hutembea hatua fupi na askofu huvuka ubao mzima kwa mruko mmoja. Kwa hiyo mwenye askofu akatae kulana kunakokusanya askari wote upande mmoja, na mwenye farasi akutafute.

Nafasi ya wafalme hapa haina uzito kama katika njia nyengine, isipokuwa kwenye jambo moja: mlinzi ahakikishe mfalme wake anaweza kufika mbele ya askari wa mwisho atakayebaki. Askari huyo akiwa wa ukingoni, wa safu ya a au ya h, na askofu wa mpinzani hautawali mraba wa pembeni anakogeuka, mlinzi aelekeze mfalme wake kwenye pembe hiyo na alane kila kitu kingine. Kwa askari wa a, pembe ya Mweupe kugeukia ni a8, mraba mweupe. Kwa askari wa h ni h8, mraba mweusi. Yule mzee wa Wete aliijua hesabu hiyo kabla sijaugusa askari wangu.

Je, aliye mbele hapaswi kabisa kulana askari? Wakati mwengine anapaswa. Mwenye ngome dhidi ya askofu au farasi huhitaji safu iliyo wazi ili ngome yake iingie kwa mpinzani, na mara nyingi njia pekee ya kuifungua ni kulana askari mmoja. Mwenye askari dhaifu asiyelindika naye ana haki ya kumbadilisha na mzima wa mpinzani. Tofauti ni kwamba yeye analana mmoja kwa sababu anayoweza kuitaja, wakati mlinzi analana wote kwa sababu wote humsaidia.

Njia ya tatu: kutoa kete kubwa ya mwisho, kubaki na wafalme na askari

Kati ya njia zote nne, hii ndiyo iliyo wazi kuliko zote ukiweza kuihesabu, na ndiyo hatari kuliko zote ukikisia. Hakuna kete kubwa ya kuficha kosa lako. Mara tu ngome au maaskofu wa mwisho wanapolana, matokeo yameshaamuliwa ubaoni, hata kama nyote wawili hamjayaona bado.

Nionyeshe kwa mfano mmoja mdogo. Tuseme ngome za mwisho zimelana kwenye mraba wa e8, mfalme mweusi ameila ngome na amesimama hapohapo e8, na zamu ni ya Mweupe, mwenye mfalme na askari mmoja. Hali ya kwanza: mfalme mweupe yuko e6 na askari wake e5. Mfalme anakwenda d6, Mweusi anakwenda d8 kumkabili, askari anasogea e6, Mweusi anarudi e8, askari anaingia e7 bila kutoa shaha, na mfalme mweusi hana mraba mwengine ila f7. Mfalme mweupe anakwenda d7, na hatua inayofuata askari anageuka malkia. Sasa vibadilishe viwili hivyo nafasi: mfalme mweupe e5, askari e6. Mfalme anakwenda d6, Mweusi anamkabili d8, askari anaingia e7 kwa shaha, Mweusi anarudi e8, na Mweupe amebaki na chaguo moja la kumlinda askari wake, mfalme e6. Hapo mfalme mweusi hana pa kwenda wala hayumo katika shaha, na mchezo ni sare. Kete ni zilezile na miraba ni ileile. Kilichotofautiana ni nani aliyetangulia mbele, mfalme au askari.

Ndiyo maana kwenye njia hii swali la wafalme ndilo la kwanza, na jibu lake kwa aliye mbele ni kwamba mfalme amtangulie askari wake. Mfalme aliyefika mstari wa sita mbele ya askari wake hushinda, awe na zamu au asiwe nayo, isipokuwa askari akiwa wa ukingoni. Kuhusu upande wa ubao, askari huru, asiye na askari wa mpinzani wa kumzuia njiani, akiwa mbali na wenzake ni utajiri mkubwa: mfalme wa mpinzani atalazimika kumfuata huko, na wakati huo wako atakuwa anawala askari wa upande wa pili.

Hesabu inayohitajika ni kubwa lakini ina mwisho, na huo ndio uzuri wake. Ukiwa na dakika tatu tulivu, unaweza kuhesabu hadi mwisho kabisa. Ukiwa na sekunde kumi, usiingie kwa kuhisi. Njia hii inamfaa aliye mbele kwa askari mmoja na mfalme aliye katikati, na inamfaa pia mlinzi anayeiona sare yake kama ile ya mfano wa pili. Haimfai yeyote anayetaka tu kuondokana na mchezo mgumu.

Njia ya nne: kutolana

Kuacha kete zikabiliane bila kula ni uamuzi kamili kama mwengine wowote. Kinachobaki ni kila kitu, pamoja na wasiwasi wa mpinzani, ambaye kila zamu analazimika kuhesabu je, sasa atakula? Mwenye nafasi kubwa ya kutembea hunufaika, kwa kuwa aliyebanwa angependa sana kulana apate hewa.

Mfano maarufu wa kuthamini mfalme kuliko hesabu ya kete ni mchezo wa José Raúl Capablanca na Savielly Tartakower, New York, 1924. Katika mwisho wa mchezo wa ngome, Capablanca, aliyekuwa bingwa wa dunia wakati huo, hakushughulika kuwalinda wala kuwabadilisha askari wake. Aliacha wawili waliwe, wote kwa shaha, ili mfalme wake apate njia ya kufika f6 kando ya askari wake wa g6, na akashinda. Si mfano wa kuigwa kila siku, lakini unaonyesha kwamba swali la wafalme linaweza kulishinda lile la idadi.

Gharama ya njia hii ni saa. Kila zamu usiyolana unabaki na hesabu mbili, ya kulana na ya kutolana, na mchovu hukosea. Kuna pia sheria ya hatua hamsini: zikipita hatua hamsini za kila upande bila askari kusogezwa wala kete kuliwa, mchezaji anaweza kudai sare. Njia hii inamfaa mwenye muda, mwenye subira, na aliyembana mwenzake.

Ipi ikufae, kwa hali yako

Ukiwa mbele kwa kete kubwa nzima na mpinzani bado ana malkia, anza na njia ya kwanza, ukianza na malkia wenyewe, na uwaweke askari wako pande zote mbili. Ukiwa mbele kwa askari mmoja tu, chagua kwa makini kete gani itoke: usikimbilie kubaki na ngome peke yake askari wakiwa upande mmoja, na usikubali kubaki na maaskofu wa rangi tofauti.

Ukiwa nyuma, karibisha kulana askari kila inapowezekana, na kabla ya wawili wa mwisho jiulize kama kete yako iliyobaki inaweza kujitoa kwa askari wa mwisho wa mpinzani. Ukiwa sawa na mwenzako na mmoja wenu ana askofu na mwengine farasi, tazama pande za ubao kwanza.

Ukiwa na muda mfupi na huoni mwisho wa hesabu ya wafalme na askari, bakisha kete moja kubwa kila upande, maana kosa lake lina dawa. Mchezo ukishakwisha, upange upya. Majedwali ya kompyuta yenye majibu kamili ya kila hali ya kete saba au pungufu, wafalme wakiwemo, yalikamilishwa mwaka 2012 katika Chuo Kikuu cha Moscow, na leo mtu yeyote mwenye simu na intaneti anaweza kuangalia hali kama hizo bila malipo kwenye Lichess, tovuti ya sataranji. Weka hali iliyokuwepo kabla ya kulana, kisha ile ya baada yake, uone kama jibu limebadilika. Kwa wanafunzi wa skuli, zoezi hilo moja kila wiki naliona lina faida kuliko kuhifadhi mianzo kumi ya mchezo.

Na ukiwa na askofu wa miraba myeusi, askari mmoja wa a na mwengine popote pale, usimtoe huyo mwengine. Msogeze mbele, umlinde kwa mfalme wako, hata kama askari wa mpinzani yuko hapo mbele yako analika.